Sala Yangu Inachezwa Baa

Nilikuwa dukani nachagua zipu za sketi za shule, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika.

Sikufananisha, wapendwa. Ni mimi. Nalia.

"Nichukue mimi... umwache yeye..."

Halafu magitaa yakanguruma, dramu zikaingia, na muuza vitambaa akaanza kutikisa kichwa.

"Huu wimbo umetoka wapi?" nikamuuliza.

"Mama, wewe ndiye wa kuuliza? Si bendi ya mwanao hiyo. Tulishawazika, kumbe wazima. Hakuna baa isiyoupiga."

"Na huyo mama anayelia?"

"Ah, watakuwa wamemkodi. Ila kulia anajua."

Zipu niliziacha mezani.

Niwaeleze. Pombe ndiyo iliyomwondoa mume wangu. Mwanangu, mwimbaji wa roki, naye akaingia humo humo mpaka bendi ikavunjika, akarudi kwangu na gitaa na mfuko mmoja wa nguo. Nikampa chumba cha pili. Kati yetu kuna ukuta wa mbao tu.

Kila alfajiri nilipiga magoti nikijua amelala fofofo. Namwambia Mungu, baba yake ulishamchukua, huyu niachie. Kama lazima mmoja aende, nichukue mimi.

Hayo ni yangu na Mungu. Hata dada yangu wa tumbo moja hayajui.

Nyumbani nikamkuta sebuleni na mpiga dramu wao, wanachekea simu.

"Shikamoo, bimkubwa," mpiga dramu akasema. "Umetutoa kimasomaso."

"Marahaba. Nenda kwenu."

Akaenda.

"Ulinirekodi?"

Mwanangu akatazama chini. "Ndiyo, mama."

"Nikiwa nimepiga magoti?"

"Ndiyo."

"Watu wameshika chupa wanaicheza sala yangu. Huna haya? Ufute."

"Haufutiki tena. Umeshasambaa."

"Basi humu ndani sisali tena."

Hapo ndipo akanyanyua uso. Nikaona ameogopa kweli.

"Mama... umeusikia mpaka mwisho?"

"Nisikilize nini, na maneno ni yangu?"

Akanivika hedifoni. Magitaa yakaisha. Kilio changu kikaisha. Nikasikia kitanda kinalia, kisha mwanamume ananong'ona, karibu kabisa na mbao:

"Mungu, usimsikilize huyo mama."

Nikairudisha nyuma sehemu hiyo, nikasikiliza tena. Ni yeye.

"Wenzangu walitaka kukata hapo," akasema. "Nikawaambia, bila hapo hakuna wimbo. Kila alfajiri ulikuwa unaomba, na mimi napinga. Mwishowe nikaona siwezi kukupinga nikiwa nimelewa, nikaiacha pombe."

Nikakaa chini.

Bado nimemkasirikia, siwadanganyi. Na kesho wanapiga onyesho huko huko kwenye chupa, roho yangu haijatulia hata kidogo.

Lakini ninyi mnaomwombea mtoto kwa siri, mwambieni na mwenyewe. Mimi nilimweleza Mungu peke yake, nikamwacha kijana abebe maneno mazito vile bila mtu wa kumuuliza.

Leo alfajiri nimegonga mbao.

"Naomba tubaki wote wawili," nikasema. "Utapinga?"

Mbao zikagongwa upande wa pili.

"Hiyo pitisha, mama."