Kipande cha Arobaini na Moja

Mama alinituma kwa Zephaniah jua likielekea kuzama, nimpelekee kibuyu cha maziwa na ujumbe mmoja: Jumamosi saa tisa, wakati wakubwa wa kanisa watakuwa mkutanoni Wundanyi. Maziwa yalikuwa ya kumlainisha mzee. Ujumbe ulimhusu dada yangu, Jedidah.

Nami nilikuwa na haja yangu, ambayo sikumwambia Mama.

Ilikuwa Agosti 1956. Nilikuwa nimerudi Werugha kwa likizo fupi kutoka Uingereza, ambako nilisomea muziki katika chuo kikuu, mwaka wa tatu. Hasa nilisomea ngoma. Ndiyo, ngoma. Cheka umalize. Kijiji kizima kilikwisha kunicheka kabla yako, kwamba kijana amelipiwa meli na kununuliwa koti zito ili akafundishwe kupiga ngoma na Mzungu.

Hawakujua tulivyoteswa. Saa sita kila siku nilisimama nyuma ya ngoma nne za shaba, mbele yangu kisanduku cha mbao chenye kijiti kinachocheza kushoto na kulia. Tak. Tak. Tak. Mapigo tuliyakata vipande vifupi vyenye urefu sawa, na kila kipande kilikuwa na namba. Ukikosea, mwalimu aliinua mkono na kusema, "Simama. Rudia hapo." Aliniambia hivyo mara nyingi sana, hata usiku nilijisikia nikisema maneno hayo usingizini.

Ili kupata digrii, kila mmoja wetu alitakiwa kuleta ngoma ya kwao, ameiandika yote, aipige mbele ya watahini. Bila hiyo ningerudi kuwa karani wa posta Voi, nikiwauzia stempu wale wale walionicheka. Niliapa sitarudi hivyo.

Jedidah alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu Machi alikuwa akianguka. Ilianzia stesheni ya Voi, alipokwenda kuuza kabichi. Treni ikapiga king'ora, naye akadondoka hapo hapo akitetemeka, macho yamegeuka meupe. Baada ya hapo hata harufu ya kiberiti kilichowashwa ilitosha kumwangusha. Kwetu ugonjwa huo unajulikana, unaitwa saka. Mgeni ameingia ndani ya mwanamke, ana kitu anachokitaka, na hajaulizwa. Ngoma inapigwa, mgeni anapanda, anataja haja yake. Sukari, sigara, leso nyekundu. Anapewa, anaaga, na kesho yake mwanamke anafagia uwanja kama kawaida. Niliona hayo tangu utotoni, na sikuwahi kuona mtu aliyekufa kwa saka.

Zephaniah ndiye aliyepiga kengele ya kanisa. Pia ndiye aliyeficha ngoma tatu za mwazindika, zile za kutibia saka ambazo kanisa lilizikataza, zizini, chini ya majani ya ng'ombe. Nilimkuta akikamua. Alipokea kibuyu, akanitazama toka koti mpaka viatu.

"Kwa hiyo wewe ndiye mpiga ngoma wa Malkia."

"Mzee, Jumamosi nataka niiandike hiyo ngoma. Kila pigo, nikaipige huko."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikamwisha.

"Kaa kando uandike. Lakini usiniguse. Ikianza haisimami mpaka mgeni aseme anachotaka, apewe, aage. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Haisimami," nilisema.

Kwa hiyo asitokee mtu wa kunitetea kwamba sikuonywa.

Jumamosi ukungu ulishuka mapema. Saa tisa alasiri migomba ya nyuma ya nyumba haikuonekana, na sauti za ng'ombe wa jirani zilitufikia bila ng'ombe wenyewe. Tulikuwa wachache: Mama, Zephaniah na ngoma zake, wanawake wanne wa kuitikia, Jedidah, na mimi juu ya kigoda, daftari gotini, kisanduku changu miguuni kikigonga taratibu.

Kabla ya kuanza Jedidah alikuja akainama juu ya daftari langu. Alinukia moshi na sabuni ya kufulia.

"Kaka, na mimi utaniandika humo?"

"Wewe si pigo."

"Haya. Basi andika vizuri, nisije nikachekwa Ulaya." Akanifinya sikio, akaenda kusimama uwanjani.

Zephaniah alianza kwa kiganja tu, polepole. Niliandika bila shida. Kipande cha kwanza, cha tano, cha kumi. Mkono wa kulia ulitembea na wa kushoto ukaufuata nyuma kidogo. Jedidah aliyumba. Wanawake waliitikia kwa sauti za chini. Kipande cha ishirini, miguu yake ilianza kukanyaga. Kipande cha thelathini, uso wake ukawa si wake, umelegea na kutulia, kama wa mtu anayesikiliza mlango ukifunguliwa chumba cha pili. Mama alishika leso nyekundu tayari, na chungu cha sukari kilikuwa karibu naye.

Mgeni alikuwa anapanda. Kila mtu pale alijua.

Kipande cha arobaini na moja mkono wa kushoto ulichelewa. Ulichelewa kuliko nilivyohesabu, ukapita kijiti changu, ukaangukia mahali ambapo sikuwa na alama ya kuandika. Nikapotea.

Ningeweza kuuliza baadaye. Ningeweza kuacha nafasi wazi. Lakini Alhamisi nilikuwa na treni, nilikuwa na hasira, na nilikuwa hodari wa jambo moja tu. Niliinua mkono.

"Simama. Rudia hapo."

Zephaniah alikuwa amefumba macho. Hakuniona.

Nikaondoka kwenye kigoda, nikaweka kiganja changu juu ya ngozi ya ngoma.

Kimya.

Jedidah alikuwa ameinua mguu wa kulia ili akanyage. Mdomo ulikuwa wazi, neno limefika kwenye meno...

Mguu haukushuka.

Nilisikia harufu ya kiberiti. Hakuna aliyekuwa amewasha kiberiti. Kisanduku changu nacho kilikuwa kimeacha kugonga, ingawa nilikuwa nimekijaza ufunguo mpaka mwisho.

"Umefanya nini?" Zephaniah alinong'ona.

"Dakika moja tu, mzee. Naandika."

Na niliandika. Dada yangu amesimama kwa mguu mmoja ndani ya ukungu, hatikisiki, hapumui, nami nikachora alama zangu vizuri, nikapiga mstari chini. Ndipo nikasema, "Endelea."

Zephaniah alianza upya. Mguu wa Jedidah ukashuka. Wanawake wakavuta pumzi. Kumi, ishirini, thelathini, arobaini...

"Simama. Rudia hapo."

Sikuwa mimi niliyesema.

Ilitoka mdomoni mwa Jedidah, na ilikuwa sauti yangu. Sauti yangu hasa, pamoja na ule ukali niliouokota chuoni. Mikono ya Zephaniah ikaganda hewani. Alijaribu tena. Mara saba alijaribu, na mara saba sauti yangu ilimsimamisha pale pale. Mama alimwaga sukari miguuni pa Jedidah, akamfunika leso, akapiga magoti akiuliza, "Unataka nini, mgeni? Taja, tutakupa." Hakujibiwa.

Giza lilipoingia Zephaniah alizifunika ngoma.

"Mgeni huomba mwenyewe," aliniambia kwa sauti ndogo. "Wewe umempa kabla hajataja haja. Umempa kusimama. Sasa hana haja ya sukari."

Asubuhi tuliona maana yake. Jedidah aliinua kikombe cha uji, kikafika kidevuni, akakirudisha chini. Akakiinua. Kikafika kidevuni. Alikwenda kisimani, akafika nusu ya njia, akageuka mpaka mlangoni, akaanza safari upya, hadi Mama alipomkamata mkono. Alipolishwa alitafuna, akaacha, akaanza kutafuna upya. Kijiko kimoja kilichukua muda wa kuivisha maharagwe. Na macho yalikuwa yake. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alijua. Alinitazama, akafungua mdomo, "Kaka, ni..." akafunga. "Kaka, ni..."

Zephaniah alikuja Jumapili baada ya ibada, akaniketisha nyuma ya ngoma.

"Mkono uliosimamisha ndio utakaovusha. Piga wewe. Toka mwanzo mpaka mwisho, bila kuhesabu."

Nilipiga. Kufika pale, nikakwama.

"Unahesabu."

"Sihesabu, mzee."

"Midomo yako inahesabu."

Tulijaribu Jumatatu, tukajaribu Jumanne mpaka viganja vyangu vikapasuka. Nilikuwa nimefundishwa miaka mitatu kuhesabu, na sikujua njia ya kuacha. Zephaniah alisema ni kazi ya mwezi. Nikikaa mwezi mmoja, mikono itasahau. Jedidah anaweza kumaliza mwezi akilishwa polepole, zaidi ya hapo hakuahidi.

Meli ilikuwa ya Jumamosi. Ikiniacha, nafasi yangu chuoni ingepewa mwingine.

Mama alipiga magoti mbele yangu. Mama yangu mzazi, jikoni kwake, mikono ikiwa na unga. "Mwanangu, digrii itakungoja. Huyu hatangoja."

"Nitarudi Krismasi," nilimwambia.

Hakuna pesa wala meli ambayo ingenileta Krismasi. Nilijua hilo nilipokuwa nikisema. Yeye hakujua, akanishukuru.

Alhamisi walinisindikiza mpaka Voi, kwa lori la mboga. Nilimkataza Mama asimlete Jedidah karibu na treni, lakini hakukuwa na mtu wa kumwachia. King'ora kilipolia nilifumba macho nikingoja aanguke. Hakuanguka. Treni ilipoanza kusogea nilimwona kwenye jukwaa, uso umemkaza, anainua mkono kunipungia. Mkono ukafika begani ukashuka. Ukainuka. Ukafika begani. Mama alikuwa kando yake na hakunitazama hata kidogo.

Nilikaa, nikatoa daftari, nikaangalia kama kipande cha arobaini na moja nimekiandika sawasawa.

Juni iliyofuata niliipiga ngoma ile mbele ya watahini watatu. Nilifika pale, mikono ikasimama yenyewe, ikakaa hewani muda ambao siwezi kuutaja, kisha ikaanza tena mwanzo. Nilidhani nimeanguka mtihani. Walisimama wakanipigia makofi. Mwalimu wangu alitokwa na machozi.

"Ule ukimya," aliniuliza, "uliupata wapi?"

"Nyumbani," nilijibu.

Nilipewa alama za juu kuliko wote. Nikapewa na kazi hapo hapo chuoni. Sasa wanafunzi wangu wanaipiga, wanane kwa pamoja, na wakifika pale wanasimama bila kuambiwa, wananitazama, na chumba kinanuka kiberiti. Wao husema ni mabomba ya kupasha chumba joto.

Barua ya kwanza ilifika Februari 1958. Zephaniah ndiye aliyeiandika kwa niaba ya Mama. Ilikuwa na mistari miwili: "Jedidah alianza kufa Jumapili. Hajamaliza."

Nilifikiri mzee amekosea kuandika. Barua ya Machi ilieleza. Pumzi hutoka, inafika mahali, macho yanapoa, wanawake wanaanza kulia na Mama anamfunga kidevu kwa kitambaa. Halafu pumzi inarudi, inaanza upya. Mara nne au tano kwa siku. Fundi alipima jeneza, na sasa wanahifadhi mahindi ndani yake. "Njoo uvushe," aliandika Zephaniah. "Hata kama utahesabu, njoo."

Nimenunua tikiti ya meli mara tatu. Mara zote tatu nimefika bandarini na sanduku langu, nikapanda ngazi, nikafika katikati. Nikageuka. Nikajikuta chini kabisa, nikiwa na tikiti mkononi, nikianza kupanda. Watu nyuma yangu walinitukana. Mara ya tatu baharia mmoja alinishika bega akanitoa kwenye foleni kwa upole, akidhani nimelewa.

Je, ni mgeni ananishika? Au ni mimi tu, mwoga na fidhuli, nimepata kisingizio kinachofaa? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Zephaniah alifariki mwaka jana, akalala bila shida, na hakuna tena wa kuniambia.

Leo ni Desemba 1959. Juzi imefika barua nene kutoka Werugha. Mwandiko haukuwa wa Mama wala wa mtu yeyote wa kanisani. Niliutambua kwa zile herufi kubwa zilizolala, alizojifunza darasa la nne nikiwa nimemshika mkono.

"Kaka mpendwa Crispus, salamu nyingi. Nataka"

Hapo ikakatika. Chini yake:

"Kaka mpendwa Crispus, salamu nyingi. Nataka"

Na chini yake tena. Karatasi nne, mbele na nyuma, wino ukififia na kuchovywa upya, na hakuna mahali popote alipofika kwenye neno linalofuata.

Ndugu wa kweli angelia. Angevaa koti akaenda bandarini kwa miguu. Mimi niliketi mezani, nikachukua penseli, nikaanza juu ya karatasi ya kwanza, na kidole changu kikashuka mstari kwa mstari.

Nilihesabu. Mungu anisamehe, nilizihesabu salamu zote.

Ziko arobaini na moja.