Kijiti Kilichogeuka Rangi

Kila alipotoka shuleni, Sisimizi alivua sare, akajifunga kitambaa kichwani na kuanza kuosha chupa. Baba yake alikuwa mrina asali, na chumba chao cha mbele kilijaa ndoo, chujio na chupa mpaka mgeni akakosa pa kuweka mguu. Chupa zilizorudishwa na wateja zilikaa pembeni zikisubiri maji ya moto, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya msichana huyo. Jina la Sisimizi alipewa na bibi yake, kwa kuwa palipofunguliwa asali hakukosekana.

Bibi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, naye alikuwa ameondoka miezi minne iliyopita. Kisukari kilimwanza kwa kiu, kikamletea kidonda cha mguu kisichopona, kikamlaza hospitali, kikamchukua. Tangu hapo nyumba ilipooza. Baba hakuwa mtu wa maneno, na msiba ulimfunga mdomo kabisa. Alirudi kutoka mizingani, akala kimya, akaenda kulala. Sisimizi alizungumza na chupa, maana hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza.

Joto lilipozidi, alianza kuona kiu. Alikunywa maji kikombe baada ya kikombe, na safari za chooni hazikuisha. Akaingiwa na hofu, kwani bibi naye alianza hivyo hivyo.

Siku moja, akitoka shuleni, aliona tangazo kwenye mlango wa duka la dawa: JIPIME SUKARI MWENYEWE NYUMBANI, DAKIKA MOJA TU! Aliingia. Muuza dawa, mtu wa maneno matamu, alitoa vijiti viwili kutoka kwenye kopo, akavifunga katika kipande cha gazeti.

"Chovya kwenye mkojo, mwanangu. Kisipogeuka rangi, uko salama. Kikiwa kijani au kahawia, ujue kuna sukari."

"Hakuna karatasi ya maelezo?"

"Maelezo yako kwenye kopo, na kopo halitoki dukani," alijibu akicheka.

Nyumbani alichukua chupa moja kati ya zile zilizorudishwa asubuhi, akajifungia chooni, akafanya kama alivyoagizwa. Kijiti kikawa kijani, kisha kahawia. Akachovya cha pili. Kahawia tena.

Alilia bila kutoa sauti. Amwambie nani? Baba hata hajamaliza kumlilia bibi, mama yake mzazi. Basi akaimeza siri hiyo, akaosha uso, akarudi kwenye chupa zake.

Aliacha asali. Akaacha chai ya sukari, akaacha matunda, kisha akawa anadonoa chakula kidogo tu na kusukuma sahani. Shuleni, rafiki yake wa dawati moja, ambaye wote walimwita Mapengo, alimgawia nusu ya chungwa kama kawaida yao.

"Sitaki," alisema Sisimizi.

"Umeninunia?"

"Niache tu."

Mapengo akamwacha kweli, akaenda kucheza na wengine. Sisimizi alibaki nyuma ya darasa akiwatazama kwa mbali. Upweke huo ulimuuma kuliko njaa.

Siku ya tisa, wanafunzi wakiwa wamepanga mstari asubuhi, alianguka. Mwalimu wa darasa alimkimbiza kwenye zahanati ya jirani na kumpigia baba simu.

"Unaumwa nini, mwanangu?" aliuliza muuguzi, mama mnene mwenye miwani.

"Kisukari."

"Nani kakwambia?"

"Kijiti. Nilijipima mkojo nyumbani, leo siku ya tisa."

Muuguzi alimtoboa kidole, akasoma namba kwenye mashine. Kisha akampa kikopo kisafi cha mkojo, akaupima pia. "Huna kisukari. Tena sukari yako imeshuka kidogo kwa sababu ya njaa. Hebu niambie, ule mkojo uliupimia kwenye chombo gani?"

"Chupa."

"Chupa ya nini?"

Sisimizi aliinamisha uso kwa aibu. "Ya asali. Ilikuwa haijaoshwa."

Muuguzi alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Basi kijiti hakikusema uongo! Kiliona asali yenu."

Baba alikuwa amefika mlangoni, bado na nguo za kazi, akasikia yote. "Siku tisa! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na huzuni, baba. Sikutaka uzike mtu mwingine."

Baba aliketi kitandani, akamkumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia mbele yake.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema muuguzi. "Wewe umeficha hata maradhi usiyokuwa nayo! Sikilizeni. Vipimo vya dukani si vibaya. Wapo waliojua ugonjwa mapema kwa sababu hiyo. Lakini usipojua namna ya kukitumia, kipimo kitakupotosha. Na jibu lake si hukumu. Ukiona jambo la kukutisha, mwambie mtu mzima, kisha njoo tuhakikishe. Usilibebe peke yako."

Kisha baba akakohoa.

"Dada, mama yangu kafa kwa kisukari, na mimi sijawahi kupima. Naogopa."

"Wenye hofu hiyo ni wengi. Lete kidole."

Baba alinyoosha kidole chake kigumu. Muuguzi alisoma namba, akaisoma tena. "Iko juu kidogo. Usishtuke, kipimo kimoja hakitoshi. Njoo kesho asubuhi kabla ya kula chochote, turudie. Kama ni kisukari, tumekiwahi."

Baba alitazama sakafu kwa muda mrefu. Sisimizi alidhani amerudi kwenye ukimya wake.

"Kesho sitaki kuja peke yangu," baba alisema hatimaye. "Utanisindikiza?"

"Nitakusindikiza, baba. Akikutoboa kidole, nitakushika ule mkono mwingine."