Tairi Lisilopungua Upepo

Jirani yetu mmoja, mshonaji, mtaa mzima ulimwita Mama Chiriku kwa sababu ya binti yake. Mtoto yule alizaliwa na mdomo usiopumzika. Akiruka kamba anaimba, akila anasimulia, akilala anaweweseka. Jina la Chiriku likamkaa kama kiatu kilichopimwa mguuni.

Mtulie vizuri sasa, maana jambo lenyewe lilitokea mchana kweupe, Jumamosi, watu wakianika nguo zao.

Wazazi walikuwa wanajiandaa kumpeleka Chiriku kwa daktari wa mapafu, mji wa mbali. Tangu waliponunua gari, kuukuu lakini zima, mtoto alianza kukohoa. Mwanzoni kidogo, kisha usiku kucha. Mwisho kamba ikatundikwa ukutani, na Chiriku akawa mtoto wa kukaa kiti cha nyuma, kimya, kichwa dirishani. Dawa zilibadilishwa mpaka mama akachoka kusoma chupa. Ila akipelekwa kwa bibi yake kwa basi, kikohozi kilipoa.

"Hewa ya kwa bibi hiyo," mumewe alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi ile Mama Chiriku alikataa katakata. "Mimi sisafiri na lile tairi la akiba."

Mumewe akafungua buti. Tairi lilikuwa limelala kwenye shimo lake, nyuma ya kiti cha mtoto. Ubavuni lilikuwa na nyufa kama kisigino chenye magaga. Akalipiga ngumi, likalia kama jiwe.

"Humjui mzee huyu," alisema kwa fahari. "Tangu tununue gari hajaniomba upepo hata siku moja. Kila mwezi anazidi kuwa mgumu!"

"Likipasuka njiani na mtoto hali yake ndiyo hiyo, fahari yako utaifunga kwenye gurudumu?"

Mume akacheka, akachukua ufunguo.

Fundi wa matairi alikuwa na banda la mabati, beseni la maji meusi, na maneno mengi kuliko wateja. Alilitazama tairi akaguna.

"Hili ni babu, baba'ngu. Sasa chagueni. Nunueni jipya likae akiba. Au jipya tulifunge mbele, lile la mbele tulishushe cheo liwe ndiyo spea, wenye akili wanafanya hivyo. Au mchague la mtumba pale kwenye lundo, mkipata ajali msinijue."

"Tushushe la mbele," mume alisema haraka. "Na huyu mzee?"

"Nitamkata nimfanye kiti. Ngoja kwanza nione siri yake ya kutopungua."

Alifungua kifuniko, akalowesha kidole kwa mate, akapaka kwenye kimdomo cha kujazia upepo. Kila fundi hufanya hivyo. Upepo ukivuja, mate yanavimba, yanakuwa kiputo, kinapasuka.

Mate hayakuvimba. Yalizama.

Fundi akainama karibu. Akapaka tena. Pembeni, kwenye benchi, Chiriku alikuwa anahangaika kuvuta pumzi. Kifua kilipanda. Mate yakazama ndani, taratibu, kama mtu anayenyonya.

"Mama," fundi alinong'ona. "Hili tairi linavuta."

"Acha mzaha, fundi," mume alisema. Lakini hakucheka.

Mama Chiriku alimtazama mtoto. Akatazama kimdomo. Akamtazama mtoto tena. Pumzi, mate. Pumzi, mate. Vilikwenda pamoja, kama mguu wake na sindano ya cherehani. Akakumbuka kiti cha nyuma. Akakumbuka basi la kwenda kwa bibi.

Fundi alikuwa ameshachomoa kisu. "Nalipasua, liishe!"

"Usilikate!" Alilikumbatia tairi kwa mikono miwili. "Kilichomo humu ni cha mwanangu. Ukikata kitapotea chote hewani."

Wanaume wawili walimtazama kama aliyerukwa na akili. Yeye akalikokota tairi mpaka miguuni pa Chiriku. Kwenye kola yake zilichomekwa pini, kama kawaida ya washonaji. Akachomoa moja.

"Sogea, mwanangu. Leta uso hapa. Vuta polepole."

Akaiingiza kwenye kimdomo, akabonyeza.

Upepo ulitoka kwa mluzi mwembamba. Haukunuka mpira. Ulinuka maziwa, na dawa ya kifua, na mdomo wa mtoto aliyeamka sasa hivi. Chiriku akavuta. Akavuta tena, bila kukohoa. Mashavu yakapata damu. Na ndani ya mluzi ule, mbali sana, mama alisikia wimbo wa kuruka kamba.

"Mama!" Chiriku alicheka. "Kifua kimefunguka!"

Mama akaanza kulia, kidole kikiwa bado kwenye pini. Tairi lilikuwa halijapungua hata nusu.

Mluzi ukabadilika.

Wimbo ulikatika. Kikaja kikohozi kizito, cha mtoto mkubwa zaidi. Kisha kingine, chembamba, cha mtoto mchanga asiyejua hata kusema. Chiriku alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa bati.

"Mama," alinong'ona. "Hao si mimi."

Hapo mume alikaa chini kwenye vumbi. Alikuwa amekumbuka maneno ya mtu aliyewauzia gari. Alipoulizwa kwa nini anauza, yule mtu alisema, "Gari limekuwa kubwa. Nyumbani hatuko wengi tena." Walidhani watoto wameoa na kuolewa.

Mama Chiriku angeweza kuchomoa pini. Hakuchomoa. Alibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi, akisema kwa sauti ya kubembelezea, "Haya, wanangu. Nendeni. Nendeni salama." Tairi likalegea, likajikunja kama ngozi tupu. Fundi akalichoma moto siku hiyo hiyo.

La mbele halikushushwa cheo. Mama alitaka jipya, ambalo halijawahi kukaa kwenye gari la mtu, na alitaka liwekwe bila upepo.

"Spea isiyo na upepo?" fundi aliuliza.

"Pampu tutabeba."

Daktari alisikiliza kifua cha Chiriku mara mbili, akauliza wamekuja kutibiwa nini. Kamba ikashuka ukutani. Mtaa ukarudi kulalamikia kelele, na mama yake alishona akiwa na amani. Kwenye gari hakumpandisha tena. Alimwachia mumewe, la kwenda na kurudi kazini.

Siku moja, jua likiwaka, alifungua buti kutoa vitambaa alivyoagiza. Mkono wake ukagusa lile tairi jipya. Akalibonyeza kwa dole gumba.

Halikubonyea.

"Baba Chiriku," aliita. "Ulilijaza upepo hili?"

"Lipi? Hapana," mumewe alijibu kutoka kiti cha mbele. Kisha akakohoa. "Usijali, ni vumbi tu hili la barabarani."

Mama Chiriku aliinama. Kifuniko kilikuwa kimefunguliwa, kimewekwa pembeni vizuri. Na juu ya kimdomo palikuwa na tone la mate, bichi, linazama.