Sauti ya Pili Ndani ya "Nirudishe Munanila"

Toleo la tatu la wimbo ndilo lililokohoa. Vijana wa Dar walikuwa wameurudia kwa midundo ya kompyuta, na Nadine, akimsuka mteja saluni kwake Kibondo, alikisikia kabla ya ubeti wa pili: kikohozi kikavu cha mwanamke. Akamuuliza mteja kama amesikia. Mteja akasema anasikia wimbo mtamu tu, na dada apunguze kumvuta nywele.

Kikohozi kile Nadine alikijua. Kilikuwa cha Ininahazwe, rafiki yake wa kwaya, aliyeutunga wimbo akiwa kitandani anaugua kifua, akimkumbuka bibi yake na migomba ya kijijini kwao Munanila. Alimfundisha Nadine ili waurekodi pamoja akipona. Nadine hakungoja. Rafiki yake akiwa bado anakohoa, yeye aliingia studio moja ya Kasulu na kuuita wimbo wake. Ukashika namba moja redioni na kukaa hapo. Mabasi yaliupiga, maharusi waliingilia ukumbini nao, hata watu wasioijua Munanila waliililia. Nadine alipokea sifa zote bila haya, na Ininahazwe akazikwa.

Siku ya kuganduka, familia ilipokuwa inavunja msiba, Epifania, mama wa marehemu, aliuliza kama ilivyo desturi: mwenye kitu cha marehemu akitaje mbele ya watu, ili marehemu apumzike. Huyu alirudisha jembe, yule kitenge. Epifania akamtazama Nadine, akauliza tena. Nadine akavuta mrija wa pombe ya ndizi, akanyamaza.

Sasa wimbo ulikuwa haunyamazi. Kwaya ya Wakongo wa kambi ya Nyarugusu ilipourudia, kikohozi kikafuatiwa na pumzi. Bendi moja ya Kasulu ilipourudia, pumzi ikawa sauti ya pili, ikiimba chini chini, na saluni ikaanza kunuka majani ya mkaratusi yaliyochemshwa, yale ambayo Ininahazwe alikuwa akijifukiza kwa blanketi. Na kila toleo jipya lilipotoka, koo la Nadine lilikauka zaidi, kwanza akashindwa kuimba, kisha akashindwa kumwita mteja aliye mlangoni, mpaka asubuhi moja aliwasha redio, ikapigwa rekodi yake mwenyewe, ile ya kwanza, ile aliyoiimba peke yake mlango wa studio ukiwa umefungwa, na kutoka mwanzo hadi mwisho aliyeimba alikuwa Ininahazwe.

Maombi ya kanisani hayakusaidia. Kwa siri akamfuata Gharibu, mganga wa Kasulu, ambaye alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema marehemu huyu hafukuzwi kwa kitabu cha dua peke yake, mama yake mzazi lazima amwambie atoke. Mchana huohuo wakaenda kwa Epifania.

Nadine alipiga magoti kwenye mkeka. Alikuwa na mnong'ono tu.

"Mama, niliwasaliti. Mwambie aniachie koo langu."

Epifania hakushangaa. "Siku ile niliuliza mara mbili," alisema taratibu. "Wimbo tuliusikia redioni pamoja, yeye akiwa kitandani. Nilitaka kukufuata. Akanizuia. Akasema, mwache, mama, Nadine wangu atakuja kusema mwenyewe."

Nadine akainamisha kichwa. Hilo lilimuumiza kuliko koo.

Gharibu akafukiza ubani, akasoma, akaamuru aliyemo ajitokeze. Harufu ya mkaratusi ikauzima ubani. Mdomo wa Nadine ukafunguka wenyewe, ukakohoa, ukaimba polepole ubeti wa migomba ya bibi, kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu mazishi. Kisha ukaita, "Mama?"

Epifania akasogea hadi kwenye mkeka.

"Mwambie atoke, mama," Gharibu alinong'ona. "Sasa hivi. Akikaa leo, hatoki tena."

Macho ya Nadine yalikuwa yanamsihi, yamejaa machozi. Yalikuwa macho ya Nadine kabisa. Epifania aliyatazama kwa muda, kisha akaweka kiganja juu yake, akayafunika.

"Kaa, mwana wanje," alimwambia binti yake. "Kaa hapa hapa."