Panya wa Kundi la Tatu

Harufu ndiyo iliyoanza. Asubuhi hiyo Seon-hui alifungua chumba cha panya, akapokewa na harufu nzito, chungu, ya mizizi iliyotoka kuchemshwa, ilhali jiko la maabara halikuwa limewashwa tangu Ijumaa.

"Bosi, umechemsha dawa humu?"

"Kwenye panya? Nimerukwa na akili?" Pyo, mkuu wa maabara, hata hakugeuka. "Fanya kazi."

Kazi yao ilikuwa kupima sumu. Wazee wa mji wa Jecheon waliinywa mizizi ile kwa maumivu ya viungo, kikombe kidogo kidogo. Kiwanda kilitaka kuiuza ikiwa imekolezwa, katika vidonge. Panya wa kundi la tatu, waliopewa dozi kubwa, walikufa wote. Pyo akaagiza watupwe, vizimba vyao vijazwe panya wengine wazima, kisha akatangaza kwamba dawa ni salama. Seon-hui ndiye aliyewabadilisha. Alikuwa na mama mgonjwa wa kulisha, na mkataba wake ulikuwa ukingoni.

Sasa panya hao wazima, ambao hawakuwahi kuonja hata tone, walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wote wakimtazama yeye. Kufika mchana wakaanza kufa. Alimpasua mmoja. Ini lilikuwa jeusi kama mkaa.

"Leta wengine," Pyo akanong'ona.

Wakaletwa, wakafa. Kisha, nyuma ya vizimba ambako hapakuwa na mtu, wakasikia koo likimeza, gugu, gugu, polepole kama la anayelazimishwa kunywa asichokitaka, na kila lilipomeza wao wawili nao walihisi uchungu ukiwateremka kooni, ukiwachoma kifuani, ukitulia chini ya mbavu, mpaka Pyo akatoka mbio huku ameshika tumbo, akaenda kumpigia simu mganga Yeom.

Mama Yeom alikuja na njuga zake, keki za mchele na pombe. Alizitikisa njuga kati ya vizimba hadi sauti yake ikabadilika, ikawa nyembamba, kama midomo mingi inayosema pamoja.

"Tulikufa. Mkasema tu hai."

"Mnataka nini?" Pyo akauliza.

"Semeni tulikufa."

Pyo akapiga magoti, akamimina pombe, akagusisha paji la uso sakafuni. "Nisameheni, nisameheni." Alisema yote, isipokuwa hilo. Seon-hui akafungua mdomo. Pyo akamkata jicho. Akaufunga.

Harufu ikakatika ghafla. Panya waliobaki wakarudi kula.

"Umewafukuza! Mama, wewe kiboko!" Pyo alicheka huku akijifuta jasho.

"Sikuwafukuza. Mmewanyima walichotaka, wameamua kwenda kukitafuta wenyewe." Mama Yeom alikuwa akichungulia dirishani. "Yale maboksi yanayopakiwa kwenye lori yanakwenda wapi?"

"Vidonge vyetu vya kwanza hivyo. Mji mzima, mpaka Seoul."

"Basi wamepanda nayo."

Seon-hui alishuka ngazi akikimbia, akatoka kwenye theluji bila koti. Lori lilikuwa likikata kona ya geti. Akapunga mikono yote miwili, akipiga kelele hadi sauti ikamkauka: "Walikufa! Walikufa wote!"

Dereva alimwona kwenye kioo. Alidhani anaagwa, akatoa mkono nje, akampungia.