Aliyengoja Ndani ya Kadi

Taa ndogo nyuma ya kompyuta ilikuwa inapepesa, na waya wa mtandao ulikuwa bado umelala mezani, haujachomekwa popote.

"Baba watoto, hii taa inawaka na waya haujaingia," mke alisema.

"Ni umeme tu unapita humo," mume alijibu bila kugeuka.

Nyumbani walimwita Mtaalamu. Jina hilo alipewa na mama yake mzazi siku alipofungua pasi ili aitengeneze, na pasi ile haikupiga nguo tena maishani mwake. Hii kompyuta aliiunda kwa ajili ya mkewe, mkalimani aliyekaa bila kazi muda mrefu na sasa amepata ya kutafsiri mikutano kwa njia ya mtandao. Mkutano wake wa kwanza ulikuwa Jumatatu asubuhi. Vifaa vyote vilikuwa vipya isipokuwa kadi ya mtandao, ambayo Mtaalamu aliichomoa kwenye mashine zilizotupwa na ofisi moja iliyohama ghafla.

Kompyuta iliwaka vizuri, ila kadi haikufanya kazi. Ilihitaji draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi. Kompyuta ikamwelekeza aipakue mtandaoni.

"Mtandao upi?" Mtaalamu aliifokea. "Si ndio ninaoutafuta, we mwendawazimu!"

Akaunganisha simu kwa waya. Kompyuta ikajifanya haioni. Akapakua draiva kwenye simu na kuihamisha kwa flashi. Ikaandika kwamba kifaa hakitambuliki. Akatafuta nyingine. Hii ilienda vizuri hadi karibu na mwisho, kisha ikakwama, na kompyuta ikajizima yenyewe. Alirudia Jumamosi nzima, chai ikapoa, akapashiwa, ikapoa tena.

Mama yake alichungulia mlangoni. "Dereva gani huyo asiyepatikana tangu asubuhi? Si umtafute mwingine?"

"Mama, tafadhali."

"Na hiyo harufu ni ya nini? Kama nywele zinaungua."

Mke naye alikuwa ameisikia, lakini hakutaka kumwongezea mumewe hasira. Alivaa vifaa vya masikioni ajaribu sauti angalau. Mwanzoni alisikia mvumo wa feni. Halafu, chini ya mvumo, akasikia mtu anavuta pumzi.

Mtu yule akaongea. Lugha yenyewe mke hakuwahi kuisikia mahali popote, lakini mdomo wake ulifunguka wenyewe, kama ulivyozoea kazini, ukaanza kuitafsiri kwa sauti tulivu.

"Huku ni giza," alisema. "Mwambie mumeo asichoke. Amekaribia."

Mtaalamu aligeuka taratibu. "Umesema nini?"

Mke alivivua vile vifaa na kuvitupa kitandani. "Siyo mimi," alinong'ona. "Kuna mtu humo. Naomba uizime. Tutanunua kadi nyingine."

"Nikishindwa na kadi, niitwe nani tena humu ndani? Mke wangu, umechoka. Kalale kidogo."

Jumapili alasiri, baada ya mke kumsimulia, mama mkwe alimleta jirani yao, mama mmoja mpole anayetibu watu wenye majini. Mganga alisimama kizingitini, akanusa, na hakuingia moja kwa moja.

"Nani anamsikia?"

"Mkwe wangu," mama mkwe alijibu kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, vaa hivyo vitu. Muulize anataka nini. Na wewe baba, hicho unachokifanya kiache kwanza."

"Naacha, mama, namalizia hii moja tu. Leo imepita pale ilipokuwa inakwama."

Mke alivaa, na sauti ilikuwa karibu mno safari hii, karibu kiasi cha kuhisi joto lake shavuni, na mdomo wake ukafunguka kabla hajauliza lolote, ukasema kwamba mwenye sauti alifungiwa humo na watu waliomwogopa, kwamba watu hao walikimbia wakaacha hata viti vyao, kwamba alipiga kelele hadi akasahau jina lake, na kwamba hamhitaji mganga wala hana ugomvi na mtu wa nyumba hii, anachotaka ni mlango tu.

"Chomoa hiyo kadi!" mganga alipaza sauti. "Baba, ichomoe sasa hivi!"

"Imekubali!" Mtaalamu alichomeka waya, akapiga meza. "Mtandao huo! Jamani, imekubali!"

Harufu ilikatika papo hapo. Sikioni kukawa kimya. Mtaalamu alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, kisha akaona sura za wale wanawake watatu na kicheko kikamkauka.

"Ametoka?" mama mkwe aliuliza.

"Ametoka," mganga alisema, akifunga mtandio wake kuondoka. "Lakini sikumtoa mimi."

Jumatatu mkutano ulianza vizuri. Nyuso zilijipanga kwenye kioo, kila mmoja na mji wake, wakajadili bei za mbolea, na mkalimani akatafsiri bila kukosea. Mtaalamu alimnyooshea dole gumba kutoka mlangoni. Moyo wa mke ukaanza kutulia.

Ndipo mjumbe mmoja mwenye miwani, aliyekuwa anasoma takwimu, akanyamaza katikati ya sentensi. Kichwa kikamlalia begani. Alipofungua tena kinywa, lugha ikawa nyingine, na wajumbe wakaanza kutazamana.

"Mkalimani," mwenyekiti aliita. "Tusaidie. Mwenzetu anasema nini?"

Mke aliziba mdomo kwa viganja viwili, akaubana kwa nguvu zake zote, na bado maneno yakapenya katikati ya vidole, yametulia na kueleweka vizuri kabisa:

"Anawashukuru. Anasema huku nje kuna nyumba nyingi, na zote ziko wazi."