Mfungo wa Kusikiliza

Stima zilipotea Jumamosi moja ya Agosti 2007, karibu saa sita mchana, wakati cyber moja ya Kenyatta Avenue, Nakuru, imejaa mpaka watu wanasubiri kwenye ngazi. Kompyuta zote zilizima kwa mkupuo, na waliokuwa mbele yake wakaguna kwa pamoja kama mashabiki waliofungwa bao dakika ya mwisho.

"Aki huyu shetani!" Wachuka alilalama. Alikuwa ameandika ujumbe mrefu na hakuwa ameutuma.

"Si shetani, ni stima," alisema kijana wa kompyuta ya pili. "Shetani hana transfoma."

Wachuka aligeuka amjibu, na hasira ikamponyokea njiani. Kijana alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, shati lake jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi vikawaka, lakini kucha zake zilikuwa na grisi ambayo hakuna sabuni ingeitoa. Naye kijana alimwona msichana wa sketi ndefu ya zambarau na blauzi yenye lesi shingoni, na macho ambayo yalikuwa yamekaa siku nyingi bila mtu wa kuyaangalia.

"Unacheka na kazi yako pia imepotea," Wachuka alisema.

"Yangu si kazi. Nilikuwa Zizini, kama wewe."

"Ulikuwa unanichungulia?"

"Sikuchungulia, dada. Wale kondoo kwa screen yako ndio walikuwa wananiangalia."

Zizini ulikuwa mtandao wa waliookoka, wenye picha ya kondoo juu ya kila ukurasa. Ulianzishwa na vijana wa kanisa moja la hapo Nakuru walioona kwamba hi5 na mitandao mingine ni soko la dhambi, mahali mabinti wanaanika mabega na wavulana wanaanika uongo. Zizini haukuwa na marafiki, ulikuwa na ndugu na dada. Hukujiandikisha mpaka mzee wa kanisa athibitishe wokovu wako. Mtu akiandika ombi lake kwenye Ukuta wa Maombi, wengine walibonyeza kitufe cha Amina, na Amina zikajipanga chini yake. Yote haya yalisimamiwa na Ndugu Masinde, mtu wa moyo mzuri na macho makali, ambaye alisoma kila ujumbe na kukagua hata urefu wa sketi kwenye picha.

"Unakaa wapi, ndugu?" Wachuka aliuliza wakishuka ngazi.

"Salgaa. Niko kwa store ya vipuri vya malori. Naitwa Kipkoech."

"Salgaa! Kule kwa madereva na lodging! Na umeokoka?"

"Ndiyo maana nakuja mpaka Nakuru kutafuta Zizini. Kule nikimwambia mtu Bwana asifiwe, ananiuliza hiyo ni lodging gani."

Wachuka alicheka mpaka akashika ukuta. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka hivyo na mtu aliyemwona kwa macho. Alikuwa na mamia ya ndugu na dada Zizini, lakini akishikwa na homa, aliyejua ni mwajiri wake peke yake. Baba alikuwa ameshafariki, mama alikuwa Karagita, Naivasha, akichuma maua, na yeye alikuwa na chumba chake mtaani Kaptembwo, sufuria moja na sahani moja.

Penzi lao lilikua kwa heshima zote. Mchana waliandikiana Zizini mistari ya Biblia, chini ya macho ya Masinde. Jioni Kipkoech alipiga simu, honi za trela zikimjibu nyuma.

"Umekula nini, dada yangu katika Bwana?"

"Githeri. Na wewe, ndugu yangu katika Bwana?"

"Mimi nimekula upepo. Nilikuwa nafikiria mtu."

"Huyo mtu ameokoka?"

"Ameokoka sana. Shida yake anapenda kujificha nyuma ya lesi."

"Masinde akikusikia!"

"Masinde hana laini ya Salgaa."

Shakuntala, Mhindi mwenye duka la vitambaa alikofanya kazi Wachuka, aliona binti anapima kitambaa huku akitabasamu peke yake. Wafanyakazi wote walimwita Mama Reena, kwa jina la bintiye.

"Wachuka, hebu nieleze. Mnapendana kwa kompyuta, na askari anasoma?"

"Si askari, Mama. Ni mzee wa kanisa."

"Basi hakuna tofauti na kwetu. Mimi na Baba Reena tulionana sebuleni, mashangazi wamekaa katikati wanakula chevda. Lakini nakuambia ukweli, mashangazi walichoka, wakalala. Huyu wako halali?"

Masinde hakulala. Disemba alipoona mambo yameiva, aliwaita ofisini kwake, chumba kidogo nyuma ya kanisa chenye kompyuta mbili na kalenda. Sheria ya Zizini ilikuwa wazi. Ndugu na dada wanaotaka kuoana waliandika kwenye kurasa zao maneno Tunaomba Pamoja, kisha wakaingia Mfungo wa Kusikiliza. Hakuna kuonana, hakuna kuandikiana, hakuna simu, mpaka muda uishe na kila mmoja aje aseme alichoambiwa na Mungu.

"Sauti ya mpenzi ni kelele tamu," Masinde aliwaambia. "Mungu naye hashindani na kelele. Mtaanza Krismasi, mmalize mwisho wa Januari. Mnaahidi?"

Waliahidi, wamepiga magoti juu ya simiti. Usimcheke mtu anayepiga magoti. Walikuwa wamelelewa kuamini kwamba neno ulilompa Mungu halirudi mfukoni.

Krismasi ikapita, kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na Bonde la Ufa likawaka. Jina la mtu likawa kesi. Kipkoech Mkalenjin, Wachuka Mkikuyu: jambo ambalo walikuwa wamelifanyia mzaha tangu Agosti sasa lilikuwa la kuuliwa nalo. Njia ya Eldoret, ile inayopita Salgaa, ikafungwa kwa mawe na magogo. Wachuka alilala na viatu, akawasha simu, akaangalia jina la Kipkoech, akaizima. Alikuwa ameahidi.

Cyber ilipofunguliwa nusu mlango, alikimbia kuandika kwenye Ukuta wa Maombi: "Niko peke yangu na ninaogopa. Nani yuko karibu?" Amina zikaja kutoka Kitale, kutoka Kisii, nyingine kutoka Amerika. Alizisoma zote. Akarudi nyumbani, na hakuna hata moja iliyokuja kubisha hodi.

Mwisho wa Januari moto ulifika Kaptembwo. Ploti ya nyuma ilishika kwanza, na Wachuka akatoka na mkoba na blanketi, akifuata migongo ya watu asiowajua hadi uwanja wa maonyesho ambako wakimbizi walikuwa wakijazana. Hapo ndipo alipovunja ahadi. Alijikunyata kando ya hema akampigia Kipkoech. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita. Akapiga mpaka betri ikaanza kulia, na kila mara iliita, na kila mara hakuna aliyepokea.

Simu iliyozimwa unaweza kuitetea. Utasema chaji, utasema mtandao. Lakini simu inayoita ina mwenyewe, na Wachuka alifikiria njia mbili tu: ama mwenyewe amekufa na simu iko kwenye nyasi, ama yuko hai na amekumbuka kabila lake. Aliona heri ya pili. Akafunika uso na blanketi akasema na Mungu waziwazi: "Muache hai. Ukimwacha hai, mimi sitamtaka tena maisha yangu yote. Mchukue kwangu, lakini usimchukue duniani."

Wiki iliyofuata Masinde mwenyewe alikuja kambini na gari la nguo na unga. Alikuwa amekonda, na alibeba magunia mgongoni kama kibarua. Alipomwona Wachuka uso ulimchangamka.

"Dada! Bwana ni mwema. Nimeongea na Ndugu Kipkoech, ni mzima kabisa. Na unajua ameushika mfungo mpaka siku ya mwisho? Hata ulipompigia hakupokea. Nimemwambia atatoa ushuhuda kwa vijana."

Wachuka alisema, "Amina." Alishukuru, akapokea unga wake, akaenda kukaa nyuma ya hema ambako hakuna mtu. Kipkoech alikuwa hai, na alikuwa ameisikia simu. Kisha alipanda gari la kwenda kwa mama yake Karagita, na kabla ya kuondoka alifuta ukurasa wake Zizini.

Kipkoech alipofungua mtandao, muda wa mfungo umeisha, mahali pa picha ya Wachuka palikuwa peupe. Alipiga simu. Iliita bila kupokewa, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza. Hakutoa ushuhuda wowote. Alihesabu vipuri vyake Salgaa, akala peke yake, akawasikia madereva wakicheka na wenzao upande wa pili wa ukuta. Wakubwa walipotia sahihi ya amani kule Nairobi na magari yakaanza kupita, alikwenda Nakuru kwa Mama Reena, na kutoka hapo akashika njia ya Naivasha.

Karagita siku zile mgeni aliulizwa jina kabla ya salamu. Vijana waliokaa kwenye kona walimuuliza, naye angeweza kusema Emmanuel, lililokuwa jina lake la ubatizo. Alisema, "Kipkoech." Walimtazama juu mpaka chini. Mmoja akatema mate, akamwonyesha mstari wa nyumba za mabati.

Wachuka alikuwa ametoka shifti kwenye shamba la maua, angali na gambuti na dasti-koti ya kijani, vidole vimechanwa na miiba ya waridi. Mama yake alikuwa bado kazini. Wachuka alifungua mlango, akaushika nusu.

"Bwana asifiwe, dada."

"Usiniite dada. Nani amekuonyesha hapa?"

"Mama Reena. Alinitusi Kihindi, akanitusi Kiswahili, halafu akanipa chai."

Wachuka hakucheka. Majirani wawili walikuwa wameacha kufua.

"Simu ulisikia?"

Salgaa inamfundisha mtu uongo wa kila aina, na Kipkoech aliujua wote. "Nilisikia," alisema.

"Zote?"

"Zote. Niliiweka juu ya tairi, nikakaa mbele yake mpaka ikanyamaza."

"Kwa sababu Masinde alisema."

"Masinde nilishamsahau. Wachuka, barabara ilikuwa imefungwa. Nilikuwa naona moshi upande wa Nakuru na siwezi kufika. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa Mungu isipokuwa ile ahadi. Nikamwambia, mimi nitaitimiza, wewe mlinde. Simu ikaita. Nikajua uko hai, kwa sababu ni wewe unapiga. Nikaogopa nikipokea tu, nitakuwa nimevunja, na usiku huo... Nilidhani kunyamaza ndiko kunakokuweka hai."

Wachuka aliegemea mwimo wa mlango. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, amejiandaa hata kwa chuki. Hili hakuwa na mahali pa kuliweka.

"Mimi nililala kwa hema nikijua umenizika," alisema.

"Najua. Sikuja kujitetea. Nimekuja kwa sababu nakutaka."

"Mungu amekuonyesha?"

"Hajanionyesha kitu. Nilisikiliza mwezi mzima nikasikia malori. Ni mimi mwenyewe, Kipkoech. Nataka nikuoe."

Machozi yalimtoka Wachuka bila ruhusa. Aliyapangusa kwa mkono wa dasti-koti.

"Umechelewa. Na mimi niliahidi. Usiku ule nilimwambia Mungu akikuacha hai sitakutaka tena. Na si uko hapa, uko hai? Alitimiza yake."

Kati ya watu wote duniani, Kipkoech ndiye aliyeelewa. Alifunga kifungo cha koti lake pole pole.

"Basi," alisema. "Kama uliahidi, sitakuvunjisha. Ubaki na Mungu, Wachuka."

Akageuka. Alikuwa amefika kwenye karai la jirani wakati Wachuka alipopiga kelele.

"Wewe Kipkoech! Unaenda wapi?"

"Si umesema..."

"Nimesema, ndiyo! Na wewe umegeuka tu hivyo? Rudi hapa!"

Alirudi hatua kwa hatua, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Wewe ulishika ya kwako, ukaniacha mimi kwa baridi," Wachuka alisema. "Mimi yangu naivunja. Leo, mchana, hawa wamama wakiona. Kama kuna adhabu itanipata mimi. Lakini sitasimama kwa mlango nikuangalie ukienda, ati kwa sababu nimekuwa mtakatifu."

"Wachuka, huogopi?"

"Naogopa!" alisema. "Naogopa sana. Ingia."

Na aliogopa kweli, maana alimjua Mungu tangu utotoni na hakuwahi kumdanganya. Alimshika Kipkoech mkono kwa vidole vyake vilivyochanika, akamvuta ndani, na hakumwachia.